Gia Isiyokataa

Mhakiki hutegemewa ahakiki vitabu, nami leo nahakiki gemu za magari. Usicheke. Sababu ninayo, nayo ni sura ya saba ya riwaya yangu, ambayo imekufa.

Mhusika wangu mkuu ni dereva wa lori la makaa ya mawe. Anapakia Ngaka kule Mbinga, anapita hapa Songea, anashika njia ya Njombe. Kwenye mteremko wa Lukumburu breki zinalegea. Basi jamaa, huku tani 30 zikimsukuma mgongoni, anakanyaga klachi, anachomoa gia ya sita, anapachika ya tatu, injini inanguruma, lori linatulia. Kurasa nne nzima, nikaziona tamu kweli kweli. Nikampelekea mjomba wangu, ambaye ameendesha malori njia hiyo hiyo miaka mingi. Akasoma, akavua miwani.

"Mpwa wangu, huyu mtu wako mbona amekufa ukurasa wa pili?"

Akanieleza. Lori likishashika kasi mteremkoni, matairi ndiyo yanayoizungusha giaboksi. Ukichomoa ya sita, ya tatu haiingii ng'o, maana injini ingetakiwa izunguke kupita uwezo wake. Meno yanakwaruzana, mkono wa gia unakusukuma urudi, na hata ile ya sita kuipata tena ni bahati. Umebaki fri, na breki zenyewe zimeshachemka. Gia ya kuteremkia huchaguliwa juu ya mlima, kabla hujaanza kushuka.

Nikajiuliza, sasa mimi ile gia ya tatu niliitoa wapi? Niliitoa kwenye banda la gemu, Lizaboni.

Tuanze na sifa, maana zipo. Magari ya mashindano ya siku hizi yana giaboksi ya sikwensho, yaani gia za kupanda ngazi: unavuta mkono, inaingia inayofuata, unasukuma, inarudi ya nyuma. Ndani mna pipa lenye mifereji, kila ukivuta linazunguka hatua moja, kwa hiyo hata ukitaka kuruka gia huwezi. Klachi ni ya kuondokea tu. Magari ya Rally1 yaliyoletwa mwaka 2022 yalikuja na gia tano za namna hiyo, na ndiyo yaliyopasua vumbi la Naivasha kwenye Safari Rally. Hapo mtengeneza gemu hana kazi kubwa. Kitufe cha pedi ni amri moja na jibu moja, na ule mkono wa kweli nao ni karibu hivyo hivyo. EA Sports WRC ya 2023, ambayo ina Safari ya Kenya ndani yake, upande huu sina ugomvi nayo.

Ugomvi unaanza pale kitufe hicho hicho kinapogawiwa kwa kila gari. Gran Turismo ya kwanza, ya mwaka 1997, ilikuuliza AT au MT. Ukichagua MT unajiona dereva kweli, kumbe unapanda na kushuka ngazi kwa vidole na klachi unakanyagiwa. Joginder Singh aliposhinda Safari mwaka 1965 alikuwa na Volvo PV544, gia nne za mchoro wa H. Saa yoyote, amechoka, tope hadi kiooni, mkono wake ungeweza kwenda gia siyo. Ukiifuta nafasi hiyo ya kukosea, umefuta nusu ya ushindi wake. Tulifundishwa shuleni kutenganisha fani na maudhui. Hapa fani imeyala maudhui.

Kuna rafiki yangu Mfaranyaki, fundi wa kompyuta, ana usukani wenye pedeli tatu na mkono wa gia wa mchoro wa H. Anacheza Euro Truck Simulator 2, gemu ya Wacheki iliyotoka 2012. Hii imejitahidi, haki yake tuipe. Inakupa namna nne za gia, na ukichagua H unaweza kupata mpaka zile gia za lori za juu na chini kwa swichi. Tatizo liko mkononi. Ule mkono wa gia ni springi na swichi, haujui injini inazunguka kiasi gani. Unaingia kwa vidole viwili hata pale ambapo lori la kweli lingekung'oa bega. Programu inaweza kukataa na kupiga kelele za meno, lakini mkono umeshaambiwa ndiyo.

Nilimpeleka mjomba ajaribu. Alipachika gia kwa nguvu zake za kawaida, meza ikasogea. Akacheka, akaendelea dakika ishirini, akasema, "Hili lori halina uzito."

Wenzangu wa kijiweni watasema gemu ni starehe, nani alipe hela yake akwame fri mlimani? Sawa. Lakini Richard Burns Rally ya 2004 inaadhibu kosa bila huruma, na zaidi ya miaka ishirini baadaye bado kuna watu wanaicheza. Kwa hiyo suala siyo kwamba wachezaji hawataki. Na mimi sikuwa nacheza tu, nilikuwa nakusanya maarifa ya kitabu bila kujua, nikadhani vidole vyangu vimewahi kuendesha.

Sura ya saba naiandika upya. Sasa jamaa anaingiza gia ya tatu juu kabisa, anateremka polepole, mabasi yanampigia honi nyuma, na utingo wake anamcheka kwa woga. Mjomba kasoma kurasa mbili, kasema huyu yu hai. Ila breki bado sijajua nizilegeze wapi.