Kujipima tunajua. Na kisha?

Ndugu na dada zangu wa universite, kila Octobre Rose tunafanya kazi ile ile: kuvaa tisheti ya roze, kupiga picha, kutuma mu WhatsApp: "Mama, jipime maziwa." Ni vizuri. Lakini leo nitatukosoa kidogo, na mimi niko ndani: ujumbe wetu unakomea njiani.

Tuanze na hesabu ya OMS ya mwaka 2024. Mu inchi zenye maendeleo ya juu sana, mwanamke 1 kati ya 12 atapata kansa ya titi mu maisha yake, na 1 kati ya 71 atakufa nayo. Mu inchi zenye maendeleo ya chini, 1 kati ya 27 tu ndiye anaonekana kuwa nayo, lakini 1 kati ya 48 anakufa. Soma tena polepole. Kwetu wanaopimwa na kuonekana nayo ni wachache, wanaokufa ni wengi zaidi.

Tunapenda kusema: "Wamama wanachelewa." Ni kweli, wanachelewa. Lakini mama akishasikia uvimbe, anakimbilia wapi? Mama mdogo wangu hakuchelewa. Familia ilichanga, na vipimo vikameza feza yote mbele ya dawa ya kwanza.

Tuangalie dawa zenyewe. Tamoksifeni ni kidonge cha zamani, bei yake si kali. Lakini inasaidia tu kansa yenye kulishwa na homoni, na hiyo inajulikana mu labo. Bila labo, dokta anabahatisha. Trastuzumabu ni ya kansa ya aina ya HER2. Marekani waliikubali mwaka 1998; OMS iliiweka mu orodha ya dawa za lazima mwaka 2015. Miaka 17! Mwaka 2019 OMS ikathibitisha dawa ya kwanza inayofanana nayo, ili bei ishuke. Sawa. Lakini orodha si famasi. Afrika Kusini, yenye hospitali kubwa kuliko zetu, Tobeka Daki alipigania dawa hiyo hadharani, kwa sababu bei ilimushinda. Alikufa Novemba 2016 bila kuipata.

Sasa njo nauliza: kumwambia mama atafute uvimbe, bila kumwambia kwa kwenda, tunamusaidia ao tunamuogopesha tu?

Octobre ijayo, mbele ya kuchapisha tisheti, tutafute majibu matatu mu muji wetu: biopsi inafanyika wapi, ni bei gani, na matokeo yanatoka kisha siku ngapi? Tuyaandike mu bango. Kama jibu ni "hakuna", tuandike "hakuna" kwa herufi kubwa, tupeleke kwa wale tuliowachagua. Wenye kusoma droit, farmasi na ekonomi, kazi hiyo ni yenu pia, si ya wadokta peke yao.

Roze ni rangi nzuri. Lakini haijaponya mtu.