Sifa za Fundi Mtafuta Joto

Katika miaka ya 1840, James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha pombe huko Salford, Uingereza, alitwaa chombo cha shaba, akakijaza maji, akatia ndani yake makasia madogo yaliyozungushwa na mawe ya mizani yenye kuporomoka kwa uzi, kisha akaketi na kipimajoto chake kutazama, kwa subira ambayo wachache wamejaaliwa, jinsi maji yale, yasiyoinjikwa motoni wala kuanikwa juani, yalivyozidi joto kidogo kidogo kwa kukorogwa tu. Alithibitisha ya kwamba kazi haipotei. Ile isiyofika ilikokusudiwa hugeuka joto, na kwa kadiri ile ile. Sidhani kama alipata kuwaza kwamba siku moja watu wangetwaa chombo mfano wa kile, wakakitia mafuta badala ya maji, wakakifunga chini ya gari la tani tatu, na kulipeleka katika mchanga wa Oman wakati wa jua la utosi. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na fundi ninayekusudia kumsifu humu ni yule aitwaye kumtoa mtu katika jaribio hilo asilolitaka.

Chombo chenyewe mafundi hukiita konveta. Mjerumani Hermann Föttinger alikipatia hati ya ubunifu mwaka 1905, wala hakuwa akifikiri habari za magari: alikuwa mhandisi wa meli katika kiwanda cha Vulcan huko Stettin, akitafuta tadbiri ya kuunganisha mtambo wa mvuke uendao mbio na panga la meli lipaswalo kwenda taratibu. Ndani ya ganda la mviringo mna gurudumu la mapanga lililoshikamana na injini, na jingine lililoshikamana na giaboksi, nayo hayagusani. Baina yao yamo mafuta, pamoja na gurudumu dogo la tatu liyarudishayo mafuta hayo kwa upande wenye manufaa. Wepesi wa gari la otomatiki kuondoka bila ya kushtua, na nguvu yake ya kupanda kilima pasipo dereva kuhangaika na klachi, ni tunu ya umajimaji huo, na thamani yake hulipwa kwa joto. Maadamu magurudumu mawili hayaendi kwa mwendo mmoja, sehemu ya nguvu hubaki ndani ya mafuta. Injini ikitia kilowati 60, zikatoka 42 tu upande wa pili, zile 18 zilizosalia ni sawa na birika kumi kubwa za umeme zilizowashwa kwa pamoja katika lita chache za mafuta. Na gari likizama kabisa, matairi yasizunguke ilhali dereva amekanyaga ekselereta, hapo hakitoki kitu: nguvu yote iingiayo imekuwa joto.

Mchanga wa Wahiba, ambao siku hizi huitwa pia mchanga wa Sharqiya, umetandaa takriban kilomita za mraba 12,500 kusini mashariki ya Maskati, na matuta yake ya upande wa kaskazini hufikia urefu wa mita 100. Wilfred Thesiger aliuvuka kwa ngamia mwaka 1949. Wajukuu wa zama zile huingia kwa upande wa Bidiyah na magari ya fowili, na wanaporudi na giaboksi iliyoungua hupelekwa katika gereji za Maskati, ambako Kiswahili cha waliotoka Unguja na mrima hukaa bega kwa bega na Kiarabu, Kiurdu na Kimalayalam, na ambako neno giaboksi halihitaji mkalimani. Gari nilionalo akilini ni Land Cruiser ya mfululizo wa 80, ya miaka ya 1990, ambayo Afrika Mashariki watu wameizoea kwa jina la VX. Lilipotoka kiwandani halikuwa na dosari hiyo ya kuunguza giaboksi. Dosari ilikuja na mapenzi ya mwenyewe.

Kwani mwenye gari hupenda kulipamba na kulitia nguvu, na kila pambo lina dai lake. Matairi ya inchi 31 hutolewa yakatiwa ya inchi 35, springi huinuliwa, mbele huwekwa bampa la chuma na winchi, juu keria, hema na madumu ya maji, nyuma betri ya pili na friji. Tairi lililokua kwa zaidi ya sehemu moja katika nane ni mkono mrefu zaidi ambao giaboksi inalazimika kuuzungusha kwa difu ile ile ya 4.1, kwa hiyo konveta huteleza muda mrefu zaidi kabla magurudumu yake hayajapatana. Uzito ulioongezeka huidai injini nguvu zaidi. Ama winchi ile, pamoja na taa kubwa zilizopangwa mbele kama mapambo ya harusi (wallahi ziko gari hubeba taa nyingi kuliko msikiti wa Ijumaa), huuziba upepo usifike kwenye rejeta, mahali hasa ambapo joto lilikuwa likitumaini kutokea. Kwa hivyo gari limeongezewa chanzo cha joto na kupunguziwa mlango wake kwa wakati mmoja, na kwa gharama kubwa.

Fundi stadi huanza na mafuta. Huchomoa ufito wa kupimia injini ikiwa inaunguruma na mafuta yakiwa moto, kwa sababu mafuta hutanuka na kipimo cha baridi hudanganya. Huyapangusa katika karatasi nyeupe, huyatazama, huyanusa. Mekundu na maangavu ni mazima. Ya hudhurungi yamechoka. Meusi yenye harufu ya kuungua, na punje ndogo zikwaruzazo kidole, yamebeba ngozi ya klachi zilizomo ndani. Yakiwa ya waridi na mazito kama maziwa, jambo ni jingine kabisa: maji ya rejeta yamepenya na kuchanganyika na mafuta, maana kipoza mafuta cha asili hukaa ndani ya rejeta yenyewe, na ufa mdogo mle huangamiza giaboksi nzima. Mafuta haya yana historia ya ajabu, kwani mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 yale ya Marekani yalitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zishike kwa ulaini, hata sheria ya kuwalinda wanyama walio hatarini ikakomesha desturi hiyo na wanakemia wakalazimika kutafuta badala yake. Joto lipendwalo na mafuta haya ni nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Kanuni ya zamani ya mafundi husema kwamba kila nyuzi 10 hivi zizidizo hapo huyakata umri kwa nusu. Yapitapo 120 huanza kuacha utando kama vanishi katika vali, na karibu na 150 mipira ya kuzuia uvujaji hukakamaa na klachi huungua. Mshale wa joto la injini hausemi lolote katika hayo. Waweza kutulia katikati kwa amani huku giaboksi ikiangamia.

Hapa ndipo wenye haraka na wenye maarifa huachana njia. Mwenye haraka hununua kipoza kikubwa, akakifunga mbele ya gari, akapokea fedha. Yule mwingine huuliza maswali yaliyo kama ya tabibu: Bwana, lilipata moto wapi, penye tambarare au penye tuta? Ulipunguza upepo wa matairi, ukafika ngapi? Ulitia gia za nguvu kwa ule mkono mdogo, au ulipanda kwa gia za barabarani? Kisha hutia kipimo cha joto mahali pawili, katika sampu, na katika paipu itokayo konveta kabla mafuta hayajapozwa, na kwenda na gari lenyewe mpaka mchangani, kwa kuwa joto la barabarani si ushahidi wa joto la tuta. Vipimo viwili vikitofautiana sana, konveta ndiyo izaayo moto, na kipoza kinafanya kazi yake. Vikikaribiana na vyote viko juu, mlango wa kutokea umeziba. Hutazama pia ikiwa kufuli ya konveta, ile iunganishayo magurudumu mawili yaende kama kitu kimoja, inashika inapostahili. Huu ndio ustadi ninaousifu: kutafuta joto linazaliwa wapi kabla ya kushughulika na namna ya kulifukuza.

Dawa hufuata utaratibu wa sababu, na ya kwanza haina bei. Tairi lenye upepo wa psi 35 huchimba kaburi lake katika mchanga laini. Likishushwa hadi 15 hutandaa, huelea, na mzigo wa giaboksi hupungua papo hapo. Ya pili pia haina bei: gia za nguvu, ambazo katika gari hili huzidisha msokoto karibu mara mbili unusu, huiruhusu konveta kufanya kazi katika mwendo iupendao. Ya tatu ni ghali, nayo ni kubadili meno ya difu; kwa matairi ya 35, meno ya 4.56 hukaribia kuirudisha hali ya kiwandani, na ya 4.88 huizidi kidogo, ambayo ndiyo ningeichagua kwa gari lililosheheni. Baada ya haya ndipo huja kipoza, kile cha sahani zilizopangwa tabaka tabaka kwa kuwa hupoza vizuri kuliko cha bomba lililopindwa, na huwekwa pasipozibwa na winchi, kikiwa na feni yake, kwani gari likwamalo mchangani halina upepo wa mwendo. Wapo waikatao kabisa njia ya kupitia rejeta kwa hofu ya ule mchanganyiko wa waridi. Kwa Maskati siwalaumu. Lakini mtu apandaye Jabal Shams, mlima ufikao karibu mita 3,000 juu ya bahari, usiku wa Januari, afunge na thamostati, kwa sababu mafuta baridi mno nayo hayaitii giaboksi.

Kazi ikiisha, mteja hulipia kipoza kwa moyo mkunjufu na kulipia difu kwa manung'uniko, na saa za kwenda tutani na kipimo mkononi hutaka zisihesabiwe. Ijumaa ifuatayo, huko Bidiyah, hufungua boneti na kuwaonyesha wenzake zile sahani zing'aazo na feni yake, akiwasimulia jinsi zilivyoliponya gari, na wawili watatu kati yao huja gerejini mapema wiki inayofuata kuagiza kama zile, matairi yao yakiwa na upepo wa 35.