Kutoka "Uwezekano" hadi "Mfungwa Hatari": Lugha na Uainishaji wa Wafungwa Mpakani Busia

Tarehe 13 Juni 2018, Mahakama ya Juu ya Kanada ilitoa hukumu katika shauri la Ewert dhidi ya Kanada. Mlalamikaji, mfungwa wa jamii ya Métis aliyekuwa gerezani kwa zaidi ya miaka 30, alipinga zana tano za kukadiria uwezekano wa mfungwa kurudia kosa, akidai kwamba usahihi wake kwa wenyeji asilia haujathibitishwa. Mahakama ilikubali kwamba idara ya magereza ilikiuka wajibu wake kisheria wa kuchukua hatua zote za busara ili taarifa inazotumia ziwe sahihi. Hata hivyo, madai ya kikatiba yalikataliwa na zana hazikupigwa marufuku.

Hukumu hiyo imeweka msingi muhimu: kipimo kilichoundwa kwa kundi moja hakihamishwi kwa kundi jingine bila ushahidi. Pengo lake ni kwamba imechunguza usahihi wa namba, ikaacha safari ya namba hiyo katika lugha.

Kwa Kiswahili pengo hilo ni kubwa. Tuseme zana inaonyesha kwamba watu 30 kati ya 100 wenye sifa fulani hurudia kosa. Hayo ni maelezo kuhusu kundi. Afisa akiandika "mfungwa huyu ni hatari", uwezekano wa kundi umegeuka tabia ya mtu mmoja. Neno "hatari" hubeba maana mbili, yaani uwezekano wa madhara na ukali wa mtu, na katika jalada la gereza maana ya pili humeza ya kwanza.

Busia na Tororo zinadhihirisha tatizo hili. Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka. Baadhi ya zana za aina hii huhesabu kuhamahama kwa makazi kuwa dalili mbaya. Mchuuzi anayelala kwa shangazi yake upande wa Uganda na kuuza bidhaa upande wa Kenya angeonekana hana makao, ilhali ana makao mawili. Akihojiwa kwa lugha asiyoimudu, kusita kwake kunaweza kusomwa kama ukaidi.

Nchini Kenya, Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inadai hatua za kiutawala zilizo za haki, na kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinadhibiti maamuzi yanayotokana na uchakataji wa kiotomatiki pekee. Uganda nayo ilitunga sheria ya data mwaka 2019. Ulinzi huo hautoshi iwapo afisa anatia saini tu alama iliyokwisha kutolewa.

Basi kabla ya zana yoyote kuingizwa magerezani, sharti ithibitishwe kwa wakazi wa eneo husika, maswali yake yajaribiwe katika lugha zao, na jalada liandike "uwezekano wa kurudia kosa" badala ya "mfungwa hatari". Mfungwa naye asomewe alama yake kwa lugha anayoielewa, kwani hawezi kukata rufaa dhidi ya neno asilolijua.