Swichi Ilionewa

Swichi ya mtandao ya matundu manane iliyong'olewa wiki iliyopita katika ofisi moja ya Shangani, Unguja, ilikuwa nzima. Fundi aliitoa kabla hajapima waya hata mmoja, na kazi ikaharibikia hapo hapo.

Dalili ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwepo. Kompyuta za chini zilikwenda bila taabu. Ya ghorofa ya pili peke yake ndiyo iliyopata mtandao na kuupoteza, na taa ya tundu lake ilionesha megabiti 100 badala ya 1,000. Hapo mtu hahitaji kubahatisha. Megabiti 1,000 hutaka jozi zote nne za waya. 100 huridhika na mbili. Kasi ikishuka kwenye tundu moja, mengine yakabaki juu, cha kushukiwa kwanza ni jozi iliyokatika au kichwa kilicholegea. Kipimo chake ni cha dakika moja: waya wa ghorofani uhamishiwe tundu lisilo na matatizo. Hitilafu ikihama na waya, swichi haina kosa. Ikibaki kwenye tundu, basi na ilaumiwe swichi.

Fundi hakuhamisha kitu. Aling'oa nyaya zote kwa mkupuo, bila alama, akafunga swichi mpya. Tangu hapo hakuna aliyejua waya upi ulitoka tundu lipi. Ofisi nzima ikakaa bila mtandao kwa sababu ya kompyuta moja, na swichi mpya ilipowashwa, taa ikaonesha megabiti 100 zile zile!

Kosa lilikuwa nje, kwenye ukuta wa upande wa bahari, ambako waya uliotengenezwa kwa matumizi ya ndani ulikuwa umeungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu. Chumvi ilikwishaila shaba. Vichwa vipya vya waya, kusema haki, fundi alivibana vizuri.

Waya wenyewe nao huponza. Safu hii imeshalalamikia nyaya za alumini iliyopakwa shaba, na italalamika tena: ni nyepesi, ni rahisi, hukatika zikikunjwa, na hazikidhi viwango vya Cat5e wala Cat6 hata zikiandikwa hivyo ubavuni. Na wanaosema "wekeni Wi-Fi, yaishe" hawajui kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe zinavyoyameza mawimbi.

Mafundi wa zamani hawakufanya kazi kama fundi huyu. Shangani hiyo hiyo lipo jengo la zamani la simu za kimataifa, leo sehemu ya hoteli ya Serena. Kabla ya simu ilikuwapo telegrafu: waya wake wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879. Waya wa namna hiyo ukikatika, mafundi walipima ukinzani wake wakiwa nchi kavu, wakakokotoa umbali wa hitilafu, ndipo meli ikang'oa nanga. Hata wale wa waya wa koaksia wa miaka ya 1990 waliukata mtandao nusu kwa nusu, wakafunga kizibo cha omu 50 kila ncha, hadi kipande kibovu kikajulikana. Hao walipima kwanza, wakanunua baadaye.

Wenye ofisi, fundi akitaja bei ya swichi mpya kabla hajatoa testa ya waya mkobani, msimlipe.