Nani Anataja Bei ya Maandishi?

Watafiti wanaosoma fasihi na historia kwa kompyuta wameizoea sitiari moja: wanasema wanachimba matini. Ukiisoma ukiwa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga nchini Kongo, sitiari hiyo inasema zaidi ya walivyokusudia. Mchimbaji mdogo hupeleka magunia yake kwenye soko la madini la Musompo. Mnunuzi hupima kiwango cha madini kwa mashine yake mwenyewe, kisha hutaja bei. Ndivyo kompyuta ilivyowekwa chuoni: ilete hesabu za maneno, halafu profesa wa fasihi aamue kama zina maana. Anayejiita mchimbaji ameikubali nafasi hiyo kabla hajaulizwa.

Tena sitiari hiyo huyagawa maandishi kuwa madini na taka. Programu nyingi huanza kwa kufuta maneno madogo yanayorudiwarudiwa. Katika Kiswahili cha Katanga, "njo" (yaani "ndiyo" ya msisitizo) ingetupwa mapema, nayo ndiyo hutuonyesha msemaji anatia mkazo wapi.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alichagua sitiari nyingine, ya hifadhi na ufafanuzi. Miaka ya 1960 alitafiti Jamaa, harakati ya Kikatoliki ambayo Padri Placide Tempels aliianzisha miongoni mwa wafanyakazi wa migodi wa Kolwezi. Baadaye, akiwa Amsterdam, yeye na Vincent de Rooij waliweka intanetini hifadhi ya matini za Kiswahili cha Katanga. Kitabu chake *Ethnography as Commentary* (2008) kinatokana na mazungumzo na mganga mmoja wa Lubumbashi mwaka 1974. Umbo lake ndilo hoja: mazungumzo yenyewe yamo katika hifadhi, kitabu ni ufafanuzi tu. Msomaji anaweza kumpinga profesa kwa maneno ya mganga. Hapo kompyuta haileti ushahidi kwa bwana wake. Ni mahali ambapo usomi unafanyika. Ni cheo kikubwa, nami nakiunga mkono, ingawa hifadhi nayo ina mlango, na Kolwezi mlango huo hufungwa umeme ukikatika.

Hata hivyo sitiari ya mgodi isitupwe. Mabaki ya kiwanda yaliyomwagwa kwa miongo huko Kingamyambo na bonde la Musonoi, Kolwezi, yalihesabiwa taka. Tangu 2018 yanachakatwa upya, yanatoa shaba na kobalti. Kuitwa kwake taka kulitokana na uwezo mdogo wa mitambo ya zamani. Mtafiti anayechimba akilijua hilo ataeleza alichokiacha na sababu yake, na hesabu iliyoelezwa hivyo tayari ni uhakiki.