Kinga ya Kasongo: jinsi mzigo unavyovuka bonde la Luama

Anza na fimbo. Imekatwa porini, nene kama mpini wa jembe, imefungwa kwa ukanda wa mpira kwenye usukani upande wa kushoto, ikatokeza nje kiasi cha mkono mzima. Fimbo ya pili imesimama wima nyuma ya kiti, imekazwa kwenye kerieri. Kwa vijiti hivyo viwili tu baiskeli imekwisha kuwa chombo kingine. Haipandwi tena, inasukumwa. Mwenye nayo hutembea ubavuni mwake, mkono wa kushoto ukiongoza kwa fimbo ya usukani, wa kulia ukisukuma na kuegemeza kwa fimbo ya nyuma, na mafuta ya mawese yananing'inia baina yake na gurudumu.

Kwa Kiswahili cha Maniema, mkoa wa mashariki mwa Kongo, baiskeli huitwa kinga. Nataka kueleza hapa jinsi kinga inavyofanya kazi kati ya Kabambare na Kasongo, maana wanaoandika juu ya njia za baiskeli huanza na mandhari, na mimi naona kwamba katika bonde la mto Luama ni heri kuanza na mzigo. Mzigo ndio uliochora njia.

Kazi ya kwanza ya fimbo ya usukani ni kumweka msukumaji mbali na mzigo. Bila fimbo ingembidi ashike usukani wenyewe, na kila hatua paja lake lingegonga bidoni, yaani dumu la mafuta. Kazi ya pili ni ya nguvu. Tuseme ncha ya usukani iko sentimita 30 kutoka kwenye shingo ya baiskeli, na fimbo inafika sentimita 80. Gurudumu la mbele likiteleza kwenye jiwe, nguvu ya kulirudisha kwenye mstari inapungua hadi chini ya nusu ya ile ambayo ingehitajika. Kwa mtu anayesukuma toka alfajiri, hiyo ndiyo tofauti ya bega kumaliza siku na bega kuvimba.

Mwaka 1954, kwenye vita vya Dien Bien Phu, Wavietnam walipeleka chakula na risasi milimani kwa maelfu ya baiskeli, nao walifunga mianzi kwenye usukani na kusimamisha kijiti kingine nyuma, vilevile kabisa. Sidhani kama kuna aliyemfundisha mwenzake. Uzito uleule na njia nyembamba ileile vimezaa jibu moja katika nchi mbili zisizojuana.

Sasa upakiaji. Kijana mmoja niliyemtazama akijiandaa asubuhi alikuwa na bidoni sita za lita 20. Lita ya mawese ina uzito wa gramu 900 na kidogo, kwa hiyo bidoni moja ni kilo 18 hivi, na sita ni kama kilo 108. Alizijaza zote hadi shingoni kabla ya kuzifunga. Nilidhani ni hamu ya faida, kumbe ni ufundi: bidoni yenye nafasi juu hucheza, mafuta yakaenda mbele na nyuma kila baiskeli inapoyumba, na myumbo huo humvuta mtu mtaroni. Bidoni iliyojaa pomoni hunyamaza. Alifunga mbili kila upande wa gurudumu la nyuma, chini kadiri zilivyoweza kushuka bila kugusa ardhi, kisha mbili kwenye fremu, moja kila ubavu. Juu ya kerieri hakuweka mafuta. Aliweka nguo, sufuria na unga wa muhogo wa njiani. Uzito ukikaa chini, baiskeli inayoinama hurudishwa kwa kiganja. Ukikaa juu, itamlaza na mwenyewe.

Kabla ya hapo alikuwa ameishaondoa vitu. Pedeli hazikuwepo, kwa sababu hugonga muundi na kunasa majani. Mnyororo haukuwepo, hauna kazi. Madigadi nayo yametolewa, kwa kuwa udongo mwekundu wa huku ukilowa hujaa kati ya bati na tairi hadi gurudumu likwame. Uma wa mbele ulikuwa umeongezewa nondo pande zote mbili. Breki ilikuwa kipande cha ndara kilichofungwa karibu na tairi la nyuma, cha kukanyagwa mteremkoni.

Hesabu ya mlima ni hii. Mzigo na baiskeli pamoja ni kama kilo 130. Kwenye mwinuko unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, msukumaji anashindana na nguvu sawa na kuinua kilo 10 mfululizo, bila kuhesabu mchanga. Si kidogo, lakini linganisha na mpagazi wa zamani. Njia ya Kabambare kwenda Kasongo ni ile ya misafara ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuelekea Kasongo na Nyangwe. Mpagazi wa karne ya 19 alibeba kiasi cha frasila mbili, kilo 32 hivi, kichwani au begani. Bidoni sita za kijana yule ni mzigo wa watu watatu na zaidi, naye alikuwa peke yake, na shingo yake haikubeba chochote.

Tuje kwenye njia yenyewe, na hapa ndipo napenda kukaa.

Barabara ya lori ina mifereji miwili ya magurudumu. Lori zikipungua, mvua inayoanza Septemba hufanya mifereji hiyo kuwa vijito, katikati pakaota majani, na mwishowe barabara inakuwa korongo lenye jina la barabara. Vita vya 1998 hadi 2003 vilifikisha njia nyingi za kusini mwa Maniema hapo, na treni ya mji wa Kindu nayo ikasimama. Mwandishi wa Uingereza Tim Butcher, aliyesafiri kutoka Kalemie hadi Kasongo kupitia Kabambare mwaka 2004, alipita kwa pikipiki, maana gari lisingepita. Biashara haikufa kwa sababu kinga haihitaji barabara. Inahitaji utepe wa udongo wenye upana wa kiganja na nusu.

Utepe huo haukupimwa na mtu. Wa kwanza alikwepa shimo kwa kupanda ukingo, wa pili akafuata alama yake, na tairi za waliokuja nyuma zikaushindilia udongo mwekundu hadi kiangazi ukawa mgumu na laini kama sakafu iliyosiribwa. Ukiutazama kwa makini unasoma sababu zake. Penye mchanga, njia huacha katikati na kuhamia kwenye majani ya pembeni, ambako mizizi imeushika mchanga usizame. Penye mlima, haipandi moja kwa moja kama barabara ya wakoloni, hukata mshazari. Penye mti ulioanguka, huzunguka, na mti ukioza baada ya miaka mzunguko hubaki palepale, kwa kuwa huko ndiko kulikoshindiliwa. Ni ramani iliyochorwa kwa uzito.

Watu wa Ulaya wanaoendesha baiskeli kwenye njia za changarawe wanaujua utamu wa njia kama hii. Mwaka 1997 huko Toscana, Italia, yalianzishwa matembezi ya baiskeli yanayoitwa L'Eroica, kutoka Gaiole in Chianti, katikati ya mashamba ya mizabibu, na shabaha mojawapo ilikuwa kuziokoa barabara nyeupe za udongo zisimwagiwe lami. Huku hakuna mizabibu. Kuna michikichi, mpunga na muhogo, na vilima vya nyasi ambavyo Juni hugeuka rangi ya dhahabu. Lakini tairi ni ndugu. Wanamichezo wale leo huchagua tairi yenye upana wa milimita 40 au karibu yake, na baiskeli nzito ya Kichina ya inchi 28 imekuja na upana huohuo tangu kiwandani. Msukumaji wa Kabambare hakuhitaji kushauriwa.

Kenya wameonyesha kwamba njia kama hizi zinaweza pia kuwa za mashindano. Migration Gravel Race ilianza 2021, siku nne na kilomita 650 hivi kupitia nchi ya Wamaasai, na mwendesha baiskeli wa Kikenya Suleiman Kangangi alikuwa miongoni mwa waliolibeba wazo hilo hadi alipofariki mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022. Naamini njia za huku zingestahili, hasa kipande cha kutoka Kasongo kwenda Nyangwe, zaidi ya kilomita 50 kupitia Tongoni palipokuwa mji wa Tippu Tip, hadi ukingo wa Lualaba. Lakini siandiki tangazo la utalii. Upande wa Kabambare, hasa karibu na Salamabila kwenye dhahabu, watu wenye silaha wamewatesa wenyeji kwa miaka, na anayepita na mafuta yake hulipa vizuizi ambavyo hakuna hesabu ya mlima inayoviingiza. Usalama wa msukumaji ndio uje kwanza. Mgeni mwenye baiskeli ya kupendeza atafuata.

Jambo la mwisho la ufundi ni maji. Luama hutoka milima ya mashariki na kumwagika Lualaba kusini ya Kasongo, na vijito vyake ni vingi. Vidogo huvukwa kwa magogo mawili, msukumaji kwenye moja na magurudumu kwenye jingine. Hapo tena utaona kwa nini fimbo ni ndefu hivyo: inaziba nafasi kati ya magogo. Penye mto mkubwa ni mtumbwi. Bidoni hushushwa moja moja na kupangwa sakafuni, kisha baiskeli hulazwa juu yake, gurudumu la mbele likining'inia nje na kuzunguka polepole kwa upepo. Kufungua na kufunga upya hula muda mrefu kuliko kuvuka kwenyewe, kwa hiyo fundo za mpira hufungwa kwa namna ya kufunguka kwa mvuto mmoja. Fimbo mbili tu ndizo zisizofunguliwa. Kijana yule alishuka ng'ambo, akazishika kabla hata mtumbwi haujatulia, akaivuta kinga tupu juu ya ukingo, akairudia bidoni ya kwanza.