Ukuta Usio na Chokaa: Namna Thimlich Ohinga Ilivyojengwa

Wengi wanaofika Thimlich Ohinga hushangaa kimo cha kuta, na wana haki. Ziko zinazofika mita 4.5, na kati ya jiwe na jiwe hakuna chokaa, hakuna saruji. Lakini anayetaka kujua zimesimamaje asianzie juu. Aanzie tumboni mwa ukuta, pale pasipoonekana.

Thimlich Ohinga ni maboma ya mawe yaliyo juu ya kilima chenye mteremko mpole, kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, nchini Kenya. Ni manne: Kochieng', ambalo ndilo kubwa, kisha Kakuku, Koketch na Koluoch. Inakadiriwa yalianza kujengwa katika karne ya 16. Jamii moja ilihama, nyingine ikaingia, Wabantu na Waniloti kwa zamu, na kila waliokuja walizikarabati kuta walizozikuta badala ya kuzibomoa. Wakazi wa mwisho waliondoka katika karne ya 20. Eneo hilo la Ziwa Victoria lina mamia ya majengo ya namna hii, ila hili ndilo lililohifadhika kuliko yote, na mwaka 2018 UNESCO iliandikisha Thimlich katika Urithi wa Dunia.

Mawe yake hayakuchongwa. Yaliokotwa jinsi yalivyo, kila moja na umbo lake, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Katika magofu ya Great Zimbabwe, ambako pia hawakutumia chokaa, waashi walikuwa na mwamba wa itale unaobanduka kwa matabaka. Walipata vipande bapa vinavyokaribia matofali, wakavilaza safu juu ya safu. Mjenzi wa Thimlich hakuwa na neema hiyo. Mkononi alikuwa na jiwe la duara, la pembe tatu, lenye nundu. Angeyarundika tu, ukuta ungefutuka na kumwagika kabla haujamfika kifuani.

Alichofanya ni kujenga ukuta wa sehemu tatu. Uso wa nje na uso wa ndani hupangwa kwa mawe makubwa, kila uso peke yake, lakini zikipanda pamoja. Huwezi kumaliza mmoja ndipo uanze mwingine, kwa sababu kinachoziunganisha ni sehemu ya tatu, ile ya katikati, inayojazwa mawe madogo kadiri kimo kinavyoongezeka. Mtu akiitazama haraka atasema ni kifusi. Kifusi kingeua ukuta: kingeshuka, kikazisukuma nyuso mbili nje, ukapasuka. Mawe haya madogo yamepachikwa yakauma, kama kabari ndani ya mpini wa jembe, mpaka jiwe la nje na la ndani yanashikana. Kwa hiyo uzito wa juu unapolemea, unazidi kuyakaza.

Unene wa wastani ni mita 1. Kwa kuta ndefu kiasi hicho, huo ni wembamba wa kumtia wasiwasi fundi yeyote, na mshikamano wa ndani peke yake usingetosha. Msaada unatoka kwenye umbo. Kuta haziendi moja kwa moja. Zinazunguka, zinaingia na kutoka. Ukuta ulionyooka ukisukumwa, kinachouzuia ni uzito wake tu. Uliopinda una sehemu iliyotangulia mbele na sehemu iliyobaki nyuma, hivyo unajishikiza wenyewe. Penye mashaka waliongeza viegemeo vya mawe. Nami naona ustadi mkubwa zaidi uko hapa kuliko kwenye kimo: mjenzi alijua ni wapi ukuta ungemsaliti, akajenga kwa kuujibu.

Malango ni membamba na mafupi, anayeingia sharti ainame. Kwa ulinzi faida yake iko wazi. Ila kuna sababu ya kiufundi pia: jiwe la linta halivumilii upana. Likilazwa juu ya nafasi kubwa, hupasuka katikati. Lango dogo lilimlinda mwenyeji na lililinda jiwe. Ndani kuna mazizi madogo ya mifugo, alama za nyumba zilizokuwa za udongo na nyasi, na huko Kochieng' mabaki ya kazi ya chuma.

Sisi tuliozoea majengo ya pwani kama Gedi na Fort Jesus, ambako mawe ya matumbawe yameshikwa na chokaa, tukiona ufa tunafikiria kuziba. Kwa Thimlich dawa hiyo ni sumu. Mvua ya kanda ya ziwa hupita katikati ya mawe na kutoka. Ukipaka saruji, maji yanabaki ndani, yanatafuta njia kwa nguvu. Tena mawe makavu husogea kidogo ardhi inapotulia, yakapata makao mapya. Saruji haisogei, hukatika.

Ukarabati wa haki ni wa polepole. Sehemu iliyofutuka hufunguliwa mpaka kwenye mawe yaliyo imara, mizizi ya miti ikatolewa, mawe makubwa yakatengwa na madogo, kisha nyuso mbili zikapandishwa upya pamoja na kabari zake. Wageni nao wasipande juu ya kuta, hata kwa picha moja, maana jiwe la juu likitoka yaliyo chini yake yanapoteza uzito unaoyakaza, na kulegea huanza hapo.